Jinsi ya kuandaa usiku wa kumuenzi Françoise Hardy: mwongozo kamili

Françoise Hardy aliaga dunia Jumanne tarehe 11 Juni 2024, akiwa na miaka 80. Mwanawe, mwanamuziki Thomas Dutronc, aliitoa habari mtandaoni kwa maneno machache tu: mama ameondoka. Hapa London, sisi tunaopenda muziki wa indi, yaani ule wa bendi ndogo zinazojitegemea bila kampuni kubwa, tulipigiana simu usiku huo huo. Kila mtu alikuwa na wimbo wake. Mmoja alimjua kupitia Blur, bendi ya huku Uingereza, mwingine kupitia filamu, mwingine kupitia santuri za mama yake. Kabla wiki haijaisha tulikuwa tumekubaliana jambo moja, kwamba tukusanyike tumwimbie. Mengine yote tulibishana.

Tangu hapo nimeshiriki kuandaa usiku wa namna hiyo mara tatu, na makosa ya mara ya kwanza ndiyo yaliyonifundisha mengi ya haya ninayoyaandika. Nimeandika nikiwa Uingereza, kwa hiyo mambo ya vibali ni ya huku. Kuhusu nyimbo, sauti na namna ya kuupanga usiku, utayatumia popote ulipo.

Kuna jambo moja la kulishika tangu mwanzo. Hardy aliimba kwa sauti ya chini. Hakupiga kelele, hakuvuta noti ndefu kuwaonyesha watu pumzi yake, hakulilia kipaza sauti. Nguvu yake yote imo katika yale anayoyazuia. Basi kila uamuzi utakaoufanya, kuanzia ukubwa wa ukumbi hadi mahali ilipo mashine ya kahawa, uulinde utulivu huo. Ukiupoteza, utabaki na watu wanaoimba nyimbo za Kifaransa tu.

Kwanza, sikilizeni pamoja

Kabla ya kutafuta ukumbi, kusanya wale mnaotaka kushirikiana nao, hata wakiwa wanne, na muwe na jioni mbili za kusikiliza tu. Watu wengi wanamjua Hardy wa miaka ya sitini, yule msichana mwenye nywele za kufunika paji la uso aliyepigwa picha na Jean-Marie Périer na kuvishwa na Paco Rabanne. Ni sehemu ndogo ya kazi yake.

Alizaliwa Paris tarehe 17 Januari 1944, akalelewa na mama, baba akiwa mtu wa kuonekana mara chache. Alipofaulu mtihani wa kumaliza shule akiwa na miaka 16, akapewa zawadi ya gitaa, akaanza kujitungia nyimbo chumbani huku akisikiliza matangazo ya Kiingereza ya Radio Luxembourg. Mwaka 1961 kampuni ya Vogue ikamsajili. Santuri yake ya kwanza ilitoka 1962, na wimbo ambao kampuni iliutegemea ulikuwa mwingine kabisa, "Oh oh chéri", lakini watu wakaupenda ule alioutunga mwenyewe, "Tous les garçons et les filles". Tarehe 28 Oktoba 1962 Wafaransa walikuwa mbele ya televisheni wakingoja matokeo ya kura ya maoni, na Hardy akaonyeshwa akiuimba wimbo huo. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa yeye ni nani.

Mwaka uliofuata aliiwakilisha Monaco katika mashindano ya Eurovision, yaliyofanyika hapa hapa London, akashika nafasi ya tano. Mwaka 1964 Bob Dylan alimwandikia shairi nyuma ya jalada la santuri yake mwenyewe Dylan, kabla hata hawajakutana. Kisha, mwaka 1968, akiwa bado kijana na jina lake likiwa juu, akaacha kupanda jukwaani. Jukwaa lilimtia hofu, na hakurudi tena. Aliendelea kurekodi kwa miaka hamsini mingine, hadi albamu yake ya mwisho ya 2018.

Lizingatie hilo unapopanga. Unaandaa onyesho la jukwaani kwa ajili ya mtu aliyelikimbia jukwaa.

Albamu ambayo ningetaka kila mshiriki aisikilize nzima, taa zikiwa zimezimwa, ni ile ya 1971 inayojulikana kama "La question". Aliitengeneza pamoja na Tuca, mwanamke Mbrazili mpiga gitaa na mtunzi. Ni gitaa la nyuzi za nailoni, besi ya kusimama, vinanda vya nyuzi vinavyoingia na kutoka kama upepo dirishani, na ile sauti karibu kabisa na sikio. Ilipotoka haikuuzwa sana. Leo ukiwauliza wanamuziki wa indi ni albamu gani ya Hardy waliyojifunza kwayo, wengi wataitaja hiyo.

Mkutano wa kwanza: waache watu wabishane

Usije na orodha iliyokamilika. Mwache kila mtu aseme lake, kwa sababu mabishano yenyewe yatakuonyesha nani anapenda nini, na nani aimbe nini.

Mara ya kwanza tulikaa kuzunguka meza ya jikoni kwa saa tatu. Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya mavazi. Dada mmoja alitaka waimbaji wote wavae kama Hardy wa 1965, buti ndefu na nywele za kufunika paji la uso. Rafiki yetu mwingine, kaka mpole ambaye husema mara moja kwa mwezi, akamjibu: "Dada yangu, tukivaa hivyo watu watatutazama sisi. Mimi nataka wamsikie yeye." Mezani pakawa kimya, na neno likaishia hapo. Nami nimebaki na msimamo huo. Hakuna kuigiza, iwe nywele, sauti au ule mtazamo wa huzuni. Kila mtu aimbe kwa sauti aliyopewa.

Wanaume waimbe? Ndiyo. Nyimbo zake nyingi hazina mapana makubwa ya sauti, na mwanaume akiushusha ufunguo, yaani kimo cha wimbo, kidogo tu anaingia bila shida. Nimewahi kumsikia mzee wa miaka 70 akiimba "Mon amie la rose", wimbo wa ua lililochanua asubuhi na kuzeeka jioni, na sitausahau.

Waimbe kwa Kifaransa au kwa Kiingereza? Hardy mwenyewe alirekodi kwa Kiingereza, Kijerumani na Kiitaliano, kwa hiyo lugha si mwiko. Wimbo wake "Dans le monde entier" uliingia chati za Uingereza mwaka 1965 kwa jina la "All Over the World", na wazee wa hapa wanaujua kwa Kiingereza. Ushauri wangu ni Kifaransa kwa sehemu kubwa, na huo mmoja kwa Kiingereza kwa heshima yao. Sisi Waswahili tulitamani kuimba mmoja kwa Kiswahili. Hapo uwe mwangalifu, maana kutafsiri maneno ya wimbo na kuyaimba hadharani ni kuubadili wimbo wenyewe, na kunahitaji idhini ya wenye haki. Tulichofanya ni kumwomba mshereheshaji aeleze maana kwa Kiswahili na Kiingereza kwa sentensi mbili kabla ya wimbo, kisha mwimbaji akaimba kwa Kifaransa. Ilitosha kabisa.

Na Blur je? Mashabiki wa indi hawataliacha hilo. Wimbo wao "To the End" ulitoka 1994 na sauti ya Kifaransa ya Laetitia Sadier wa bendi ya Stereolab, halafu mwaka 1995 wakaurekodi upya na Hardy mwenyewe. Wapo pia Air, bendi ya Kifaransa, waliorekodi naye "Jeanne" mwaka 1998. Sisi tuliamua hizi zipigwe kwenye spika wakati wa mapumziko, katika sauti yake halisi. Watu wanaagiza vinywaji, wanazungumza, mara wanamsikia. Nyuso zinabadilika.

Tarehe na ukumbi

Tarehe mbili zinajileta zenyewe, 17 Januari aliyozaliwa na 11 Juni aliyofariki. Chagua Januari. Katikati ya Juni hapa London jua linazama baada ya saa tatu usiku, na ukumbi wenye madirisha utakuwa mweupe hadi onyesho limefika nusu, mishumaa ikiwaka bila maana. Januari giza limeshaingia saa kumi na moja jioni, watu wanatoka kwenye baridi, wanakaa karibu karibu, na utulivu unakuja wenyewe.

Tafuta ukumbi wa watu 50 hadi 80 wenye viti. Viti ni lazima. Mtu aliyesimama na glasi mkononi ataongea na jirani yake, ndivyo tulivyo binadamu. Mtu aliyeketi akitazama mbele atasikiliza. Ghorofa ya juu ya baa, chumba cha maktaba, ukumbi mdogo wa kanisa, vyote vinafaa. Epuka chumba ambacho kaunta ya baa imo ndani yake. Kama huna budi, nenda ukakisikilize usiku wa kawaida kabla ya kulipa. Simama pale mwimbaji atakaposimama, funga macho, usikie ni mashine gani zinazonguruma. Friji, feni, mashine ya barafu.

Hapa ndipo tulipoteleza mara ya kwanza. Tulikuwa tumefika kwenye "Message personnel", wimbo wa 1973 unaoanza kwa Hardy kuongea tu, maneno aliyoyaandika mwenyewe, kabla ya kuingia sehemu ya kuimba aliyoitunga Michel Berger. Ni maneno ya mtu anayetaka kukiri mapenzi kwa simu na hathubutu. Binti aliyekuwa akiyasema alikuwa ameshusha sauti hadi mnong'ono, ukumbi mzima umeshika pumzi, na mashine ya kahawa ikaanza kupuliza mvuke. Sekunde ishirini hivi. Aliendelea, lakini niliiona shingo yake ikikaza, na lile lililokuwa limejengeka chumbani lilikwisha. Siku hizi naandika kwenye makubaliano na mwenye ukumbi: hakuna kahawa, hakuna kuvunja barafu, hakuna kumwaga chupa tupu kwenye pipa wakati wimbo unaendelea. Wanakubali bila shida ukiwaambia mapema.

Vibali

Hili ni fupi. Kwa Uingereza na Wales, sheria ya muziki wa moja kwa moja ya mwaka 2012 imelegeza mambo. Ukumbi ulio na leseni ya pombe unaweza kuwa na muziki wa vipaza sauti kati ya saa mbili asubuhi na saa tano usiku, mbele ya watu wasiozidi 500, bila kibali cha ziada. Ukitumia mahali pasipo na leseni na ukataka kuuza vinywaji vya kileo, utapeleka halmashauri taarifa ya shughuli ya muda. Ada yake ni pauni 21, watu wasizidi 499, nayo ipelekwe angalau siku kumi za kazi kabla. Usingoje dakika za mwisho.

Haki za watunzi ni jambo jingine. Hapa zinasimamiwa na PRS, Ufaransa na SACEM, na vyama hivi hupelekeana fedha. Kumbi nyingi zina leseni ya muziki tayari, lakini muulize mwenyewe kwa maandishi kama inahusu maonyesho ya tiketi. Ukitaka kurekodi video na kuiweka mtandaoni, hiyo ni ruhusa nyingine. Sisi hatukurekodi. Tulitaka watu wawepo.

Kuchagua nyimbo

Nyimbo kumi na tano zinatosha, saba kabla ya mapumziko na nane baada yake. Nyingi za miaka ya sitini ni za dakika mbili na nusu au tatu, kwa hiyo hata ukiongeza maelezo mafupi na kubadilishana waimbaji, kila nusu haitapita dakika arobaini. Usijaze. Ukiwa na waimbaji wanane wanaotaka wimbo mmoja mmoja zaidi, kataa kwa upole.

Usipange kwa miaka, kuanzia 1962 hadi 2018. Ukipanga hivyo wimbo ambao kila mtu anaungoja utatoka mwanzoni, na watu wataanza kutazama saa.

Sisi tulifungua na "Le premier bonheur du jour" wa 1963, gitaa moja na sauti moja, bila salamu wala hotuba. Taa zikazimika, mwimbaji akaingia, akaanza. Baada yake ikaja "Le temps de l'amour", na hapo bendi ikaingia yote. Huo ndio wimbo vijana wanaoujua kutokana na filamu ya Moonrise Kingdom ya 2012. Muziki wake aliutunga Jacques Dutronc, aliyekuja kuwa mume wa Hardy, na kabla ya kutiwa maneno ulikuwa wimbo wa magitaa matupu. Unapotafuta mpigaji, mwambie hivyo, ataelewa kwamba gitaa ndilo linalosimulia. Kisha "L'amitié", "Mon amie la rose", "All Over the World", "Voilà", na kabla ya mapumziko "Comment te dire adieu" wa 1968, wenye mwendo wa kuwachangamsha watu waende kaunta wakiwa na tabasamu.

Kuhusu "Mon amie la rose", neno moja kwa wenzangu wa pwani. Natacha Atlas aliurekodi mwaka 1999 kwa mahadhi ya Kiarabu. Kama mna mpiga kanuni au mpiga udi miongoni mwenu, huu ndio wimbo wa kumpa. Sikio lililokulia na taarabu linaupokea mara moja, kwa sababu lile fumbo la ua na uzuri unaopita tumelikuta kwenye tungo zetu tangu utotoni. Mwaka jana tuliupiga kwa udi na fidla tu, na ndio wimbo watu walioniuliza zaidi mlangoni wakati wa kuondoka.

Nusu ya pili ifungue na nyimbo tatu za "La question" mfululizo, na mshereheshaji aombe watu wasipige makofi hadi ya tatu iishe. "Viens", "La question", "Même sous la pluie". Hii ndiyo dakika kumi ya usiku mzima ninayoijali kuliko nyingine yoyote. Makofi kati ya nyimbo hizi yanamgutusha mtu usingizini. Watu wakinyamaza kati ya wimbo na wimbo, unasikia kiti kikilia, mtu akimeza mate, mpiga gitaa akivuta pumzi kabla ya kugusa uzi. Halafu baada ya wa tatu, wanapopiga makofi, ni makofi mengine kabisa.

Ifuatie "Message personnel", kisha "Partir quand même" wa 1988, kisha wimbo mmoja ambao kundi limeuchagua lenyewe. Halafu "Tant de belles choses" wa 2004, mwaka aliogunduliwa kuwa na saratani ya tezi za limfu. Ni maneno ya mtu anayemuaga ampendaye na kumwambia kwamba mapenzi yana nguvu kuliko kifo. Mpe mtu mwenye moyo mtulivu. Mtu aliyefiwa karibuni anaweza kushindwa kuumaliza, na ni haki yake kujua hilo kabla ya kukubali.

Mwisho, "Tous les garçons et les filles", wote jukwaani na ukumbi mzima ukiimba. Mwandike maneno kwenye karatasi, moja kwa kila kiti, kwa maandishi makubwa. Wimbo unamhusu msichana anayewaona wenzake wa rika lake wakitembea wawili wawili huku yeye yuko peke yake. Watu sitini wakiuimba pamoja, upweke ule unapata wenzake.

Kifaransa mdomoni

Hakuna haja ya lafudhi ya Paris. Kuna haja ya kueleweka na kutomtia aibu mwimbaji. Haya ndiyo tunayoyafanyia kazi.

Jina lake lenyewe: herufi H haisikiki, na mkazo uko mwishoni. Ni "Ardi". Katika "tous les", S ya "tous" haitamkwi, ni "tu le". "Filles" husikika kama "fiy". Sauti za puani kama mwisho wa "garçons" zinawasumbua waliozoea irabu zetu safi tano. Njia rahisi ni kusema "o" huku hewa ikipita puani, bila kuifikia N kwa ulimi. Ulimi ukigusa juu, umekosea.

Ile U ya "du" na "une" si U yetu. Sema "i", halafu ukiwa bado unaisema, kunja midomo kama unapuliza mshumaa. Fanyeni hivyo wote kwa pamoja kwenye mazoezi, mtacheka, kisha mtaweza.

Irabu ya E ya mwishoni ambayo Wafaransa huimeza wanapozungumza, katika kuimba mara nyingi hutoka. "Rose" inakuwa silabi mbili. Sikiliza santuri, mfuate Hardy anapoitoa na anapoiacha.

"Comment te dire adieu" una mtego wake. Maneno ya Kifaransa ni ya Serge Gainsbourg, juu ya wimbo uliokuwa wa Kiingereza, na amejenga vina vyake juu ya sauti "eks". Ili kina kitokee, baadhi ya maneno hukatwa katikati, nusu ikabaki mwisho wa mstari na nusu ikaanguka kwenye mstari unaofuata. Anayelijua shairi la Kiswahili atalithamini hilo, maana sisi tunajua kazi ya kina. Mwimbaji asijaribu kuliunganisha neno ili lieleweke. Alikate pale pale, kwa ukavu, kama Hardy. Ndipo wimbo unapong'aa.

Mazoezi na vyombo

Mazoezi matatu ya bendi yanatosha ikiwa kila mtu amefanya kazi nyumbani. La kwanza ni la funguo tu. Kila mwimbaji aimbe na gitaa moja, mtafute ufunguo unaomfaa. Sheria yangu ni kwamba noti ya juu kabisa ya wimbo aweze kuiimba akiwa ameketi na bila kukunja uso. Kama inamlazimu kusukuma, shusha.

Bendi iwe ndogo. Gitaa la nailoni, gitaa la umeme, besi, ngoma, na kinanda au fidla. Mpiga ngoma atumie brashi kwa nyimbo zote isipokuwa mbili tatu. Kwa nyimbo za mwanzo gitaa la umeme liwe safi, lenye mtetemo na mwangwi kidogo, bila ukwaruzo wowote. "Tous les garçons" una mapigo yanayobembea matatu matatu, taratibu, na bendi za indi zina tabia ya kuuharakisha. Pigeni pole pole kuliko mnavyodhani inafaa.

Sauti ya ukumbini

Fundi sauti ndiye mtu muhimu kuliko wote usiku huo, na umlipe. Mwimbaji wa sauti ya chini anahitaji kipaza sauti kifunguliwe sana, na kikifunguliwa sana spika huanza kupiga mluzi. Kuna mambo matatu ya kuzuia hilo. Mwimbaji asogee karibu, upana wa vidole viwili kutoka mdomoni. Spika inayomrudishia sauti iwekwe nyuma kabisa ya kipaza sauti, upande ambao hakisikii. Na vyombo vyote vipunguzwe hadi sauti ya mtu iwe juu yao bila kusukumwa. Hili la tatu ndilo gumu, kwa sababu mpiga gitaa anataka kusikika. Msimamie.

Mdomo ukiwa karibu hivyo, sauti nzito huongezeka. Mwombe fundi apunguze kidogo zile za chini kabisa, lakini asizikate zote. Ule uzito ndio unaomfanya msikilizaji ahisi anaambiwa siri. Mwangwi uwe wa wastani, kama wa chumba kikubwa, usiwe wa pango.

Kujaribu sauti kuanze masaa matatu kabla ya milango kufunguliwa. Kila mwimbaji aimbe ubeti mmoja mzima, asiseme "moja mbili" tu, kwa sababu anavyosema sivyo anavyoimba.

Fedha

Hesabu yetu ya mwisho ilikuwa hivi. Viti 60 kwa pauni 12 ni pauni 720. Ukumbi 150, fundi sauti 120, wanamuziki sita pauni 50 kila mmoja, yaani 300, mabango 25. Zikabaki 125, za malipo ya haki za watunzi na akiba ya usiku ujao. Wapo wanaotaka mapato yote yaende kwenye sadaka, na ni nia njema. Lakini kwanza lipa wanamuziki. Mpiga fidla anayesafiri saa moja na nusu kwa basi na chombo chake mgongoni anastahili kurudi nyumbani na kitu mkononi.

Usiku wenyewe

Fungua milango nusu saa kabla. Piga santuri zake kwa sauti ndogo, si zile mtakazoziimba. Mshereheshaji awe mmoja, naye asizidi dakika moja kila anaposimama. Atoe habari moja tu kuhusu wimbo, nani aliuandika, mwaka gani, unasema nini. Asisome maisha yake yote. Asiwaambie watu walie.

Mtu mmoja akae mlangoni kuwazuia waliochelewa hadi wimbo uishe. Mtu mwingine awe na karatasi ya mpangilio, nakala nne: yake, ya fundi, ya mshereheshaji, na moja iliyobandikwa sakafuni mbele ya kipaza sauti. Waimbaji waketi safu ya mbele, si nyuma ya pazia, wainuke zamu yao ikifika na kurudi kuketi. Hilo tulilipata kwa bahati, chumba kilikuwa hakina pazia, na sasa hatufanyi vinginevyo. Mtu akiinuka kutoka miongoni mwa wasikilizaji, ukumbi unamsaidia.

Mwimbaji akisahau maneno, bendi izunguke ubeti huo bila sauti hadi ayapate. Msisimame, msiombe radhi.

Wimbo wa mwisho ukiisha, usiwashe taa zote mara moja. Hesabu dakika mbili. Watu watabaki wameketi na karatasi zao za maneno, wengine watazikunja na kuzitia mfukoni. Waachie wazichukue.

Kabla ya kuondoka kaa na mwenye ukumbi mjaze orodha ya nyimbo zilizopigwa, itakayopelekwa PRS. Usiandike "Françoise Hardy" kwenye kila mstari ili mmalize haraka, ingawa itakuwa saa tano na umechoka. "Mon amie la rose", andika Cécile Caulier na Jacques Lacome. "Le premier bonheur du jour", Jean Renard na Frank Gérald. "L'amitié", Jean-Max Rivière na Gérard Bourgeois. Ukifika kwenye zile za "La question", hakikisha jina la Tuca limo, herufi zote nne, zinasomeka.